Kijani Kilichokausha Chemchemi

Juzi nilikuwa ofisi ya kijiji kimoja nje ya Makambako, nasubiri barua yangu igongwe mhuri na mtendaji. Kando yangu, binti wa chuo kikuu alikuwa akimwonyesha mama mmoja ramani kwenye kompyuta, iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti.

"Angalia mama, bonde lenu lote ni kijani. Msitu umeongezeka!"

Mama alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, akaweka kidole penye kijani kilichokolea.

"Hapa palikuwa na chemchemi. Hiyo ni milingoti, mwanangu, mikaratusi hiyo, inakunywa maji kutushinda. Vinyungu vyetu, bustani za bondeni chini yake, vimekauka, mwaka huu hatukupanda hata mboga."

Nilidhani binti atabisha, maana wasomi wetu nawajua. Kumbe alifungua daftari. "Ni ya nani, mama?"

Mama akajifunga upya kitenge, polepole. "Ya kwangu. Niliipanda mwenyewe, nikitaka mbao."

Binti akapaka pale rangi nyekundu, kisha akauliza kwa upole, "Jina nisiandike?"

"Andika. Nikishaing'oa, uje upige picha nyingine."

Setilaiti inaona mbali, lakini haijawahi kuteka maji. Wale wawili wakiendelea kukaa benchi moja, bonde lile litapona.

Nami nina milingoti yangu Njombe, kando ya kijito. Nilipokea barua yangu nikatoka haraka, kabla binti hajaniuliza kwetu ni wapi. Jumamosi naenda na shoka.