Kijiko cha Moringa Kwenye Uji wa Baba Sheila

Nitukaneni tu. Mimi nimeshajitukana hadi nimechoka. Niliharibu mzee wangu, Baba Sheila, kwa mikono yangu mwenyewe, na nilikuwa nikidhani namsaidia. Woiye!

Tunaishi Kawangware, hapo karibu na stage ya 56. Mimi nashona nguo, yeye alikuwa fundi wa mageti. Moyo wake ukaanza kupiga ovyo, hospitali wakasema damu inaweza kuganda humo ndani ipande kichwani. Wakampa dawa ya kuzuia isigande, ameze kila jioni na arudi kupimwa. Daktari akamwonya, "Usile kitu kipya bila kuniuliza. Hata mboga za majani usizidishe ghafla."

Baba Sheila alishika hayo maneno kama kiapo. Alitundika kalenda ya duka la hardware ukutani, akimeza tembe anaweka alama ya X. Hakuruka hata siku moja.

Lakini alikonda jameni! Rafiki yangu wa kanisa anaishi Kibera, upande wa Olympic, na ako na mti wa moringa nyuma ya nyumba. Hukausha majani kivulini, anatwanga, anachekecha. Akaniletea mkebe mzima.

"Mama Sheila, hii inaongeza damu, ina protini, ina vitamini kushinda sukuma wiki. Mpe mzee."

Mzee akakataa. "Daktari alisema niulize kwanza."

"Si ni majani tu!"

"Basi tuulize."

Mimi na kichwa changu ngumu, sikuuliza. Nikaanza kumtilia kwa uji wa wimbi asubuhi, kijiko kimoja, maana wimbi ni nyeusi na kijani haionekani. Na mniamini, mashavu yalirudi! Nikajiona daktari.

Kliniki ndio ikawa shida. Kila akipimwa, dawa ni kama haifanyi kazi. "Mzee, unaruka dawa," wakamwambia. Akaapa haruki. Wakaongeza tembe. Mimi kuona hivyo nikadhani ugonjwa umezidi, nami nikaongeza kijiko.

Mara ya tatu alienda na ile kalenda, ameifunga kwa gazeti. Akaikunjua mbele ya daktari, amwonyeshe zile X zote. Daktari akanigeukia mimi.

"Mama, anameza kweli? Ama kuna kitu kingine anatumia?"

Ningesema hapo! Lakini mzee alikuwa amekaa kando yangu, angejua nimekuwa nikimdanganya kila asubuhi. Nikajibu, "Hakuna kitu. Labda anasahau, daktari. Si unajua wanaume."

Aki, vile mzee aliniangalia! Alikunja kalenda yake polepole, akaifunga tena kwa gazeti.

Siku chache baadaye akaanguka akifunga kamba za viatu. Damu ilikuwa imeganda na kupanda kichwani. Mkono na mguu wa kulia vikafa, maneno nayo yakaisha.

Huko wodi nesi mmoja aliniuliza tena, na sasa nikasema. Akashusha pumzi. Kumbe majani hayo yana vitamini inayosaidia damu kuganda! Dawa ilikuwa inavuta huku, uji wangu unavuta kule.

"Si sumu, mama," akaniambia. "Wengine wanaitumia na inawafaa. Kwake ungetuambia tu, tungejua la kufanya."

Nyinyi wenye wagonjwa nyumbani, nawaomba. Usimtilie mtu kitu kwa chakula akiwa amekataa. Na daktari akiuliza, sema yote, hata kama ni majani ya nyuma ya nyumba, hata kama utaaibika.

Mimi bado sijamwambia. Nimewaambia nyinyi kwanza, huo ndio woga wangu. Kila jioni nikimwekea tembe mdomoni, ananyoosha kidole ukutani hadi nimpe ile kalenda na biro. Anachora X kwa mkono wa kushoto, imepinda kabisa. Halafu anafungua mdomo wazi, anainua ulimi, nione kwamba amemeza.