Nta ya Mama kwenye Matundu ya Kompyuta

Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwetu, Mudzipela, ilizibwa matundu yake yote kwa nta, isipokuwa la umeme. Hadi leo, nikinusa mshumaa, au buji kama tuitavyo kwetu, uliozimwa sasa hivi, namwona Mama ameinama juu yake, akidondosha nta taratibu kama anayefunga mitungi ya asali.

Aliogopa vumbi. Vumbi letu mnalijua: pikipiki moja ikipita, sufuria zinabadilika rangi. Na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na filamu ya harusi ya dada yangu mkubwa.

Kisha skrini yake, ile ya kukunjwa, ikafa. Ndipo Koko, nyanya yetu, akaja kutoka kwake, mjini Fataki. Ugonjwa ulikuwa umemzuia kufika kwenye harusi ya mjukuu wake wa kwanza, na kesho yake asubuhi angerudi.

“Minataka tu kuona ile mutoto na voali yake,” alisema, yaani shela ya harusi.

Jirani yetu, Papa Jeremi, akaleta skrini ya mezani na waya wenye kichwa cha buluu. Tukachokonoa nta kwa pini ya nywele. Tundu bapa la kwanza, kichwa kikakataa. La mraba, la waya wa intaneti, kikakataa. Mwishowe, ubavuni, ikachungulia rangi ya buluu: tundu pana juu, jembamba chini, na mahali pa skrubu huku na huku.

“Njo ile!” Papa Jeremi akapiga kelele.

Dada akatokea na voali yake. Koko akashika shavu. Waimbaji wakafungua midomo, kimya. Nilidhani tumeiharibu.

“Weye,” Koko akamwambia Mama, “hata waimbaji uliwaziba na buji?”

Tulicheka mpaka Papa Jeremi akakaa chini. Koko hakungoja, akaanza kuimba mwenyewe, akiifuata midomo yao.

“Haiko ile wimbo, mama,” Mama alisema.

“Nyamaza! Miye niko naona midomo.”

Mama akashindwa, akaimba naye. Kisha sote.

Baadaye sana nilielewa kwamba tundu la buluu hubeba picha tu. Sauti hupitia kwenye vitobo vya spika, au kwenye tundu dogo la mviringo, na huko kote Mama alikuwa amepita na mshumaa wake.

Kompyuta iko kwangu sasa. Wimbo wa kweli wa harusi ile siukumbuki tena. Nikijaribu, namsikia Koko. Pini ninayo. Tundu la mviringo bado lina nta.