Siku Niliyosikilizwa

Katika saluni moja ya Kondele, msusi alituwekea kwenye simu yake podikasti ya mume na mke wanaofundisha watu kutofautiana kwa ukweli. Mke alisema, "Baba, hapo sikubaliani na wewe." Mume akajibu kwa upole, "Niambie kwa nini, Mama."

"Huyo ni bwana wa simu," mteja mmoja akasema. "Wa nyumbani hajibu hivyo."

Mume wangu alitaka binti yetu mchanga apewe jina la marehemu shangazi yake, ambaye hakunipenda hata siku moja. Jioni nikajikaza. "Baba, hilo jina sikubaliani nalo."

Akaacha kula, akanitazama. "Haya, sema. Nakusikiliza."

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa tu. Nikamuuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha.

Mtoto alibatizwa Jumapili. Sasa shangazi namnyonyesha mimi.