Jicho la Kuume la Mama

Tuliondoka kwetu Yahuma kwenda mjini Kisangani kwa sababu Mama, mshonaji wa miaka mingi, alianza kushona mapindo yanayokwenda upogo huku akilaumu rula. Mchuuzi wa miwani sokoni alimwambia ni uzee tu, akamvisha miwani. Mistari ikaendelea kupinda, ila sasa kwa ukubwa zaidi. Nasi tukamwamini kwa miezi mtu anayepima macho chini ya turubai, katikati ya ndala na betri.

Siku mbili tulipanda pikipiki kwenye tope, kisha mtumbwi wa mota. Mama alitazama ukingo wa mto akasema miti yote imevunjika kiuno.

Kisangani tulipokewa na mdogo wake Mama, Tonton Asumani, mtumishi wa serikali, kwa pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. "Bon, iko mutu wa matone ya macho," alisema. "Anasafishaka macho yote." Tonton anajua kila kitu, isipokuwa anachokisema.

Asubuhi tulimkuta huyo mtu, koti lake jeupe kuliko maarifa yake. Alimulika jicho kwa taa ya simu. "Uchafu iko ndani. Donc, matone."

"Uchafu gani?" Mama akauliza.

Yule wa koti akageuka kutafuta kifuniko cha chupa ya matone. Nikamshika Mama mkono, tukatoka.

Saa nne tulifika kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole. Alipanua mboni kwa dawa, akasubiri, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Mama, nyuma ya macho yote mbili iko vidoa vya manjano. Lakini ku jicho la kuume, mishipa ya damu imeota pahali haitakiwe, ikavuja. Katikati kumebaki kovu."

"Na miwani?" nikauliza.

"Miwani haiwezi kitu. Iko sindano ya ndani ya jicho, lakini inatakaka mapema. Kwa hili tumechelewa."

Mama akakunja kitambaa chake mara nne.

Tuliondoka na karatasi ya miraba ya kulipimia jicho lililobaki. Kila asubuhi afunike jicho la kuume, aitazame kwa la kushoto. Mistari ikipinda, arudi upesi, dawa ya sindano iagizwe Kinshasa.

Njia nzima ya kurudi niliwatukana mchuuzi, Tonton na yule wa koti. Mama alisikiliza, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, na sisi tulikuwa tunangoja nini?"

Mimi ni mwalimu. Nilikuwa nangoja likizo. Mishipa ile haikungoja.