Sifa za Sambaza

Juzi sokoni Kadutu muuzaji alinionjesha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakiwa moto, akauliza, "Iko mutamu?" Nikaitikia kwa kichwa tu, uso ukiniwaka, maana harufu ile ya mawese ilikwisha kunirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni kwa jirani yetu, Maman Furaha.

Asubuhi ile mwalimu alitufundisha kueleza tunavyojisikia: usiseme "ninapenda" tu, sema "ninapenda mno, kupita kiasi". Basi Maman Furaha aliponiketisha na watoto wake kwenye bugali na samaki hao wadogo, nikaona zamu yangu imefika.

"Maman, sambaza iko mutamu!"

Akanisogezea wa kwake.

"Iko mutamu sana! Mutamu kupita kabisa!"

Akakwangua sufuria mpaka ikalia, akanimiminia waliobaki. Watoto wake waliacha kutafuna, wakanikodolea macho. Nilidhani wanastaajabia maneno yangu. Yeye alikuwa anachovya bugali kwenye chumvi.

"Maman, wewe haupendaka sambaza?"

"Napenda, mutoto wangu," akajibu taratibu.

Nilikimbia nyumbani kumsimulia mama kila neno. Sikujua kwamba kwetu mgeni akisifia chakula, anaomba aongezewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaipua maharage yetu ya jioni, akatoka na sufuria nzima bila kuniangalia.

Nikamfuata mpaka mlangoni kwa jirani, nikingoja kusikia jinsi naye atakavyosifia. Alisema neno moja tu.

"Pardon."