Mama Akidi na Kiti cha Saba

Waheshimiwa walimwita Mama Akidi, na hawakuwa wakimsifu. Alikuwa karani wa kamati ya Bunge ya uhamiaji na wakimbizi, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na ukiacha kuandika kumbukumbu za vikao, kazi yake kubwa ilikuwa kuwasaka watu wazima kwenye korido kama mama anayetafuta watoto wakaoge. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na wanne. Akidi, yaani idadi ya chini kabisa ya kukiwezesha kikao kuamua jambo, ilikuwa saba. Utasema saba kati ya kumi na wanne ni mchezo. Haya, jaribu wewe.

Aliwajua mmoja mmoja kwa vituko vyao. Kuna aliyejificha mgahawani nyuma ya gazeti, akiamini gazeti ni ukuta. Kuna aliyefiwa kila Jumatatu, na kwa hesabu za Mama Akidi ukoo ule ulipaswa kuwa umekwisha zamani. Na kuna mmoja ambaye Mama Akidi alimbandika jina la Niko Njiani, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila simu. Siku moja alilitoa akiwa amekaa kwenye ngazi, hatua tano nyuma ya aliyempigia.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Alivaa viatu vya soli ya mpira asisikike akipita nyuma ya viti, kwa sababu karani wa kamati hasemi kikaoni. Anaweza kumpenyezea mwenyekiti kikaratasi, anaweza kujibu akiulizwa, basi. Mangapi ameyameza kwa miaka hiyo yote, anajua yeye na tumbo lake.

Na alikuwa na desturi moja aliyojivunia. Mlangoni palikuwa na karatasi ya mahudhurio, kila mjumbe anatia saini akiingia. Wajanja walitia saini, wakazunguka meza wakisalimia huku na huku, halafu wakala kona kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo Mama Akidi hakuwa na habari na saini. Alihesabu vichwa, kwa macho, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Makarani wenzake walimcheka. Kanuni ilisema "wajumbe waliomo chumbani", na kwake yeye chumbani ni chumbani.

Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, aliyepooza upande wa kulia, na muuguzi mmoja aliyekuwa akimhudumia bibi huyo. Kisa chenyewe kinamhusu huyu muuguzi.

Alitoka nchi ya jirani. Huko askari waliwafyatulia risasi waandamanaji, majeruhi wakaletwa wodini kwake, akawatibu kama alivyofundishwa. Kesho yake wakaja watu wa usalama kutaka majina. Akawaambia majina hana. Wiki haikuisha, daktari wake mkuu alichukuliwa na hajaonekana mpaka leo, naye akavuka mpaka kwa miguu akiwa na viatu vile vile vya wodini. Serikali ya huku ilimpa kibali cha muda, kama ilivyowapa wenzake elfu kadhaa, na kibali hicho kilimruhusu kufanya kazi. Miezi kumi na moja akawa analala chumba kimoja na bibi, anamgeuza, anamnyoosha viungo, anamtania. Bibi aliyekuwa hawezi hata kuomba maji sasa alikuwa anagombana na redio. Muuguzi alimwita Mama Akidi "dada", naye Mama Akidi alimwita "mdogo wangu", na hakuna aliyekumbuka ilianza lini.

Sasa vibali vyote hivyo vilikuwa vinakwisha Ijumaa. Wizara ilileta azimio la kuviongeza mwaka mmoja. Azimio lilitakiwa kupita kwenye kamati kwanza, ndipo liende bungeni, na Bunge lilikuwa linafungwa Alhamisi jioni kwa likizo ya miezi miwili. Asiye na kibali, Jumatatu anaripoti uhamiaji na mizigo yake, arudishwe alikotoka.

Tangu siku ya kwanza Mama Akidi alimwandikia Mwenyekiti barua kumweleza kwamba mmoja wa watu hao anaishi nyumbani kwake, isije ikasemwa anapendelea. Mwenyekiti, mzee mpole aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, aliisoma barua akaitia kwenye faili.

"Kwani wewe unapiga kura, mama?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi chapa kazi."

Akachapa kazi, lakini tangu hapo akajibana maradufu. Kifungu kizuri kikipita, aliogopa hata kutabasamu. Kamati ilisikiliza watu wiki tatu. Siku mbili nzima ziliteketea wakibishana kama waandike "wageni" au "watu waliokimbia". Mjumbe mmoja alimuuliza afisa wa wizara kwa nini watu hawa wasikimbilie sehemu nyingine yenye nafasi zaidi, kama vile wanatafuta ukumbi wa harusi. Mama Akidi aliliandika swali hilo neno kwa neno, na roho ikimuuma. Hata hivyo mwishowe walikubaliana wote, hata huyo wa ukumbi. Kilichobaki kilikuwa kura tu, na kura yenyewe ni kunyoosha mikono, dakika mbili. Ikawekwa Alhamisi, saa nne asubuhi, chumba namba nne.

Asubuhi hiyo, alipokuwa anatoka, muuguzi alimsindikiza hadi mlangoni.

"Dada, ni leo?"

"Ni leo. Usiwe na wasiwasi, wote wamekubali."

Kosa lake la kwanza lilikuwa hilo la kumwambia mtu asiwe na wasiwasi.

Saa nne wajumbe walikuwa watano. Wengine walishaondoka kwenda majimboni kwao tangu jana, maana siku ya mwisho ya Bunge ni kama siku ya kufunga shule, kila mtu ameshafunga mabegi. Kanuni ilitoa nusu saa ya kusubiri. Mama Akidi alitoka na simu sikioni. Wa kwanza hapatikani. Wa pili yuko uwanja wa ndege. Simu ya wa tatu alipokea mtoto wake, akasema baba amesema hayupo. Akashuka mgahawani, akamkuta wa gazeti nyuma ya gazeti lake, akasimama mbele yake bila kusema kitu mpaka mheshimiwa mwenyewe akaona haya na kuinuka. Sita. Niko Njiani alikuwa ametia saini mlangoni kabla ya saa nne, akayeyuka. Simu yake iliita, akapokea, akasema alichokuwa anasema siku zote.

Saa nne na nusu Mama Akidi alirudi kukaa kando ya Mwenyekiti, jasho likimtoka. Wajumbe sita walikuwa wametulia. Mmoja alikuwa anajikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu, mwingine anasoma ujumbe kwenye simu. Hakuna aliyekuwa anahesabu chochote. Mwenyekiti aliichukua karatasi ya mahudhurio, akaitazama, akavua miwani. Kisha akaisogeza taratibu juu ya meza mpaka ukingo wake ukagusa vidole vya Mama Akidi.

"Karani," alisema, "akidi imetimia?"

Karatasi ilikuwa na saini saba. Mama Akidi aliziona. Halafu akafanya alichokuwa anafanya kila siku ya kazi ya maisha yake, akainua macho. Kushoto kwenda kulia. Kulia kwenda kushoto. Kiti cha saba kilikuwa kimesukumwa nyuma kidogo, na kuna mtu alikuwa ameweka koti lake juu yake.

"Sita, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Alilisikia neno hilo likiwa limeshatoka. Mwenyekiti aliweka kidole kwenye karatasi, pale penye saini ya Niko Njiani.

"Una hakika, mama?"

Hapo ndipo alipoelewa anapewa nini. Mzee alikuwa anamrudishia swali ili alijibu upya, na chumba kizima kilikuwa kinamsubiri. Akamwona muuguzi amesimama mlangoni kwake asubuhi ile, na papo hapo ikamjia ile barua kwenye faili. Angesema saba, angekuwa amesema kwa ajili ya mtu wa nyumbani kwake. Alikuwa na hofu, tuseme ukweli, hofu ya mtu aliyekaa safi muda mrefu mpaka anaogopa tone la wino.

"Waliomo chumbani ni sita," alisema.

Mwenyekiti alifunga faili. Kikao kikaahirishwa hadi Bunge litakaporejea.

Niko Njiani alitokea dakika kumi baadaye na kikombe cha chai mkononi. "Mbona mmetawanyika? Mimi si nimesaini?" Mama Akidi alimtazama, akakosa hata tusi la kumfaa. Alimfuata Mwenyekiti koridoni karibu mbio, akimwomba aitishe kikao kingine mchana.

"Taarifa ya kikao hutolewa saa ishirini na nne kabla," alisema Mwenyekiti. "Wewe ndiye uliyenifundisha kanuni hiyo."

"Mheshimiwa, hakuwemo. Ningesemaje?"

"Najua hakuwemo. Na mimi nina macho." Mzee alikuwa amechoka, hakuwa amekasirika. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe, mama. Ningetaka kuhesabu, ningehesabu mwenyewe."

Akaenda zake. Mama Akidi alirudi chumba namba nne, akaandika kumbukumbu za kikao. Zilikuwa mistari mitatu, na hakuna aliyemkosoa hata nukta. Kisha alipiga simu wizarani, akaambiwa waziri mikono yake imefungwa bila kamati. Akapiga uhamiaji. Kijana wa huko alimjibu kwa adabu sana kwamba tarehe ni tarehe. Mchana wote alishinda anapiga simu, na kila mtu alimhurumia, na huruma zote hizo hazikuongeza hata siku moja kwenye kibali cha mtu.

Alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Muuguzi alikuwa chumbani kwa bibi, anakunja shuka. Alimtazama usoni mara moja tu, akaendelea kukunja.

"Hawakupiga kura," alisema Mama Akidi. "Walipungua. Kikao kimeahirishwa miezi miwili."

Muuguzi aliiweka shuka kabatini, akatoa nyingine iliyokuwa imeshakunjwa, akaikunja upya.

"Walipungua wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu, mdogo wangu." Mama Akidi alikaa ukingoni mwa kitanda, miguuni pa mama yake. Angeweza kuishia hapo. Hakuna ambaye angemwambia muuguzi habari za chumba namba nne. "Mimi ndiye niliyesema. Mwenyekiti aliniuliza wako wangapi, nikasema sita."

"Na walikuwa wangapi?"

"Sita."

Muuguzi alivuta pumzi. Akajitahidi kutabasamu, na tabasamu hilo lilimuumiza Mama Akidi kuliko kama angelia.

"Basi dada, hujakosa kitu. Ungesemaje?"

Bibi alikuwa anawatazama kwa zamu.

"Saba," alisema Mama Akidi. "Saini zilikuwa saba. Aliniuliza mara mbili. Alitaka niseme saba tu, wangepiga kura, na kesho ungekuwa na kibali."

Tabasamu liliondoka usoni mwa muuguzi. Alisimama na shuka yake kifuani, kama mtu aliyeambiwa habari hiyo sasa hivi, ile ya kwanza haikuwa habari.

"Kwa hiyo iliwezekana," alisema.

Mama Akidi alitamani atukanwe, apigwe, afukuzwe nyumbani mwake mwenyewe. Muuguzi hakufanya lolote kati ya hayo. Aliiweka shuka, akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta kidole kwa kidole, akaenda upande wa pili wa kitanda.

"Jumatatu siyo mbali," alisema, bila kumtazama. "Njoo huku. Lazima ujue kumgeuza."

"Anakwenda wapi huyu?" aliuliza bibi. "We, mwanangu, unakwenda wapi?"

Mama Akidi aliinuka akazunguka kitanda. Muuguzi alimshika mikono yote miwili, mikono iliyozoea kalamu, akaipeleka mahali pake kwenye mwili wa mama yake.

"Huu chini ya bega. Huu kwenye nyonga. Usimvute, utamuumiza. Msukume kidogo kidogo, na kila ukimgeuza umwambie kwanza."

"Mama, nakugeuza," alisema Mama Akidi, akasukuma.

"Tena," alisema muuguzi.