Kioo cha Kabati

Msinicheke sana. Binti yangu Salma anataka kusomea kompyuta, lakini kachagua chuo kidogo cha Marekani ambako lazima asome pia historia na ushairi. Mashairi ndiyo yatamwandikia programu?

Juzi, hapa nyumbani, mtaani kwetu Sparkhill, profesa wa huko alimhoji kwa video. Nikajibanza nyuma ya laptop na kikoi changu, kifua wazi. Kila Salma akitaja ushairi, natikisa kichwa, nachapa hewani kwa vidole: kompyuta, kompyuta!

“Kwa nini ushairi?” profesa akauliza.

“Programu hutumiwa na watu,” Salma akajibu. “Nataka kuwaelewa, hata wabishi.”

Jibu lile likanilainisha. Nikashusha mikono.

“Kama baba yako?” Profesa akacheka. “Namwona kwenye kioo cha kabati nyuma yako tangu tulipoanza. Mwambie avae shati, aje tuzungumze.”